Usiku wangu unaishia kwenye simu, na mdogo wangu yumo humo humo

BARUA

Mama, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 33, naishi Tanga mjini, maeneo ya Makorora. Nina watoto wawili, mkubwa yuko darasa la tatu na mdogo hajaanza shule. Mume wangu ni dereva wa lori, anapakia hapa bandarini na kupeleka mizigo Burundi na Rwanda, kwa hiyo nyumbani yupo siku chache sana kwa mwezi. Naishi na mama mkwe wangu, mtu mzima lakini ana nguvu zake.

Jambo langu ni dogo ukilinganisha na ya wengine wanaokuandikia kuhusu ndoa na madeni, lakini linanitesa. Kila usiku, watoto wakishalala na vyombo vimeoshwa, kama saa tatu hivi, najilaza na simu na kufungua programu moja ya video fupi. Najiambia naangalia mbili tatu, nalala. Nikija kushtuka ni saa saba, mkono umekufa ganzi, chaji inakaribia kwisha, na ukiniuliza nimeangalia nini siwezi kukutajia hata kimoja. Saa kumi na moja alfajiri natakiwa niwe nimeamka.

Darasani nasinzia. Juzi nimesahihisha madaftari ya hesabu, mtoto mmoja akanifuata mezani akaniambia, "Mwalimu, hapa nimekosa lakini umenipa vema." Nilitazama, kweli ilikuwa 7 mara 8 na ameandika 54. Wenzake walikuwa wanasikia. Nililia nikiwa chooni.

Zamani usiku huo huo nilikuwa nakaa barazani na mama mkwe tunasuka ukili. Alinifundisha yeye nilipoolewa. Tulikuwa tunashona mikeka na vikapu, vingine tunauza, vingine ni vya nyumbani. Kuna mkeka wa rangi niliuanza kwa ajili ya mdogo wangu, awe nao siku akirudi. Ukili wake umeviringishwa uko chini ya kitanda, miyaa imekauka mpaka ukiigusa inakatika. Mama mkwe sasa anasuka peke yake. Hajawahi kunisema hata neno moja, na hilo ndilo linaniumiza zaidi.

Nimeshaifuta hiyo programu mara nyingi tu. Siku za mwanzo najisikia mwepesi, halafu usiku mmoja naishusha tena. Nikaweka kikomo cha muda. Ikiniandikia kuwa muda wako umekwisha, nabonyeza kuendelea bila hata kusoma.

Kinachonishinda hasa ni mdogo wangu. Anafanya kazi za ndani Muscat, huu ni mwaka wa tatu. Simu za intaneti huko aliko hazishiki vizuri, na yeye anakuwa huru usiku tu. Kwa hiyo tunatumiana video kwenye hiyo programu: mapishi, vichekesho, watoto wanaocheza ngoma. Ananitumia, nacheka, nami namtumia. Ndivyo tunavyoongea. Mara ya mwisho nilipoifuta, alimpigia mama yetu Muheza akilia, anauliza amenikosea nini. Nikairudisha usiku ule ule.

Mume wangu anasema, "Futa basi, si simu tu?" Lakini hata simu yenyewe siwezi kuizima, maana yeye hupiga akishapaki gari, mara saa nne, mara saa nane za usiku, na mimi silali mpaka nisikie amefika. Rafiki yangu anasema nifunge akaunti kabisa. Mwalimu mwenzangu anasema huu ni uraibu, niombewe.

Mama, nataka usiku wangu. Nifute moja kwa moja? Na nikifuta, mdogo wangu nitambakishaje?

Mwalimu, Tanga


JIBU

Marahaba mwanangu, na pole.

Kwanza hilo la kuniambia jambo lako ni dogo silikubali. Mtu anayepata usingizi wa masaa manne tu kwa usiku mzima halafu anasimama mbele ya watoto kutwa nzima ana haki ya kuandika barua ndefu kuliko hii. Na yule mtoto aliyekuja mezani kukuambia ukweli, mshukuru kimya kimya. Darasa ambalo mtoto anaweza kumfuata mwalimu na kumwambia umekosea ni darasa la mwalimu mzuri.

Nikuelewe hivi: unataka saa zako za usiku zirudi, lakini mlango zinakotokea saa hizo ndio huo huo anaoingilia mdogo wako. Ukiufunga, unamfungia nje. Ukiuacha wazi, usiku unakwisha. Hapo katikati umekwama, na kila anayekushauri anaona upande mmoja tu.

Nianze na neno uraibu, maana naona limekuchoma. Shirika la Afya Duniani liliingiza tatizo la kushindwa kuacha michezo ya kielektroniki katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022. Mitandao ya kijamii haimo. Simaanishi kwamba unachopitia ni cha kufikirika, la hasha. Nataka tu usijibandike jina la ugonjwa kabla hujaona kinachotokea.

Na kinachotokea kina wenyewe waliokitengeneza. Zamani ukurasa wa intaneti ulikuwa na mwisho: ukifika chini, unabonyeza upate mwingine, na hapo unapata nafasi ndogo ya kujiuliza kama bado unataka. Mwaka 2006 mtaalamu mmoja wa Marekani, Aza Raskin, alibuni namna ya kuufanya ukurasa ujiongeze wenyewe usiishe, na baadaye alisema hadharani kwamba anajutia. Ile nafasi ya kujiuliza iliondolewa. Kisha kuna jambo la zamani zaidi, alilolionyesha mwanasaikolojia B. F. Skinner kwa njiwa katikati ya karne iliyopita: ndege anayedonoa kitufe na kupata punje mara moja moja, bila kujua ni lini, huendelea kudonoa kwa ung'ang'anizi kuliko anayejua punje itakuja lini. Video tatu hazina maana, ya nne inakuchekesha mpaka machozi. Ungejua ya nne ndiyo nzuri, ungeiona hiyo ukalala. Hujui, kwa hiyo unaendelea. Na lile onyo la muda linakuja usiku, umechoka, kidole kiko tayari juu ya kioo. Kubonyeza kuendelea hapo hakuonyeshi kwamba huna msimamo. Uamuzi bado ni wako, ila aibu hii yote si yako peke yako kuibeba.

Sasa niruhusu nikuulize maswali. Unasema tatizo ni programu. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na sijaona mahali uliposema unazipenda hizo video. Nilichokiona ni kwamba hulali mpaka mume apige. Je, zile siku chache anapokuwa nyumbani, unafika saa saba na simu mkononi? Hukuniambia, na ningependa ulitazame hilo kwa makini. Kama akiwepo unalala mapema, basi sehemu kubwa ya usiku wako inakwenda kwenye kumsubiri mtu aliye barabarani, na video ni kitu cha kushika tu wakati unasubiri. Ukizifuta, hofu ya barabara itabaki pale pale, na safari hii hutakuwa na cha kuifunika. Huenda ndiyo sababu siku za mwanzo ulijisikia mwepesi, kisha usiku mmoja ukairudisha. Jaribu kukumbuka usiku huo gari lilikuwa wapi.

Na hapo nimwingize mama mkwe wako. Ukimya wake umeusoma kama lawama. Labda ni lawama kweli, mimi simjui. Lakini huyo dereva ni mwanawe. Naye yuko barazani, usiku, anasuka, na nadhani masikio yake yako kwenye simu hiyo hiyo unayoisubiri wewe. Mko wanawake wawili katika nyumba moja mnasubiri lori moja, kila mmoja kivyake. Umewahi kumwambia, "Mama, amepiga, amepaki salama," au unalala nayo habari mpaka asubuhi? Siulizi kwa kukulaumu.

Tuje kwa mdogo wako, maana ndiye hasa aliyekufanya uniandikie barua hii. Mara ya mwisho ulisikia sauti yake lini? Naielewa raha ya kutumiwa video na mtu unayempenda. Ni salamu, ni kusema nipo na nimekukumbuka. Lakini video ya mtu mwingine anayepika haikuonyeshi uso wa mdogo wako. Anaweza kukutumia vichekesho kumi naye ameshinda njaa, au amezozana na mwenye nyumba, au anaumwa. Sisemi ndivyo ilivyo. Nasema kwa njia hiyo usingejua. Na pale alipolia kwa mama, sidhani alililia video. Dada yake alitoweka ghafla bila kuaga, naye yuko nchi ya watu. Katika barua yako sijaona ulipomwambia kwamba unaifuta na kwa nini.

Kwa hiyo kabla ya kuamua lolote kuhusu programu, zungumza naye. Mwambie ukweli wote, na kisa cha 7 mara 8 pia. Mnaweza kuhamia kwenye ujumbe wa sauti: yeye anarekodi akimaliza kazi, wewe unasikiliza na kujibu. Muscat wako mbele yetu kwa saa moja, saa tatu yako ni saa nne yake, pengine kuna muda unaowafaa wote wawili. Lakini usimpangie. Simu yake huenda haiko mikononi mwake muda wote, bando lake hulijui, na chumba anacholala huenda analala na wengine hawezi kuongea kwa sauti. Pengine ndiyo sababu ya kupenda video, hazihitaji kusema. Muulize. Anaweza kukushangaza kwa kukuambia hata yeye amechoka nazo. Anaweza pia kuumia, akaona unampunguza, na hilo ujiandae kulisikia bila kuirudisha programu usiku ule ule kwa huruma.

Kuhusu kufunga akaunti kama anavyoshauri rafiki yako, inawezekana. Programu nyingi kubwa hukupa siku 30 za kubadili mawazo, na ukiingia katika siku hizo kufunga kunabatilika. Baada ya hapo vimekwenda vyote, pamoja na mlivyotumiana na mdogo wako kwa miaka hii. Kwa watu wengine ukataji huo ndio unaowasaidia, maana hakuna pa kurudi. Kwa wewe naogopa kuufanya kabla hajajua, kwa sababu maumivu yake ndiyo yaliyokurudisha mara ya mwisho.

Kuna njia ya katikati inayoendana na maisha yako: kitochi, ile simu ndogo ya vitufe. Saa tatu usiku laini anayopiga mume inahamia kwenye kitochi kando ya kitanda, na simu kubwa inalala kabatini au chumbani kwa mama. Mume akipiga, utasikia. Fedha ukihitaji kutuma kwa simu, utatuma. Kinachokosekana ni video tu, na kikundi cha walimu, ambacho mkuu wenu anaweza kutuma kitu saa nne usiku. Angalia kama kweli huwa kuna kitu kisichoweza kusubiri alfajiri. Mume naye mwambie kwanza, asije akapiga simu kubwa ikawa haipatikani, akaanza kuwaza mengine. Na kwa kuwa mtakuwa mnazungumza, mwombe akipaki tu akutumie ujumbe mfupi hata kama ni saa nane, wewe uwe umeshalala na uusome ukiamka. Utaweza? Wengine hawawezi, na sitakulazimisha. Barabara ya kwenda Rusumo ni ndefu, na wewe ndiye unayejua moyo wako.

Kama hutaki kuacha kabisa, kupunguza nako kumesaidia watu. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania waliwapa wanafunzi kikomo cha dakika 10 kwa siku kwa kila mtandao, mitandao mitatu, kwa wiki tatu. Upweke na huzuni vilipungua kwao. Lakini wale walikuwa wanafunzi wa chuo, hawakuwa na mtu barabarani wala mdogo Uarabuni, na wewe umeshajaribu kikomo kikakushinda. Ukirudia, kiwe na kitu cha kukishikilia, kama vile kuangalia ukiwa umekaa sebuleni, taa zinawaka, na kamwe si kitandani.

Jambo la mwisho ninalotaka kukugusia ni huo usiku wenyewe ukirudi. Wataalamu wa uchumi wa vyuo vikuu vya Stanford na New York waliwahi kuwalipa Wamarekani wafunge Facebook kwa wiki nne, mwaka 2018. Waliofunga waliokoa wastani wa saa nzima kwa siku. Sehemu ya saa hiyo ilikwenda kwa ndugu na marafiki, na sehemu ikaishia kwenye televisheni, mtu peke yake. Walijisikia vizuri zaidi, ila kwa kiasi kidogo, na wengi waliendelea kuitumia kidogo hata jaribio lilipokwisha. Nakuambia hivi usije ukategemea kwamba wiki ya kwanza tu utakuwa mtu mpya, ukakata tamaa ya pili.

Na kuhusu ukili, naona umeufanya kuwa deni. Kila ukiupita chini ya kitanda unakusuta. Lakini mwalimu aliyesimama tangu asubuhi, saa tatu usiku anataka kusuka kweli, au anataka kulala? Kama ni kulala, lala bila kujieleza kwa mtu. Kusuka kunaweza kuwa Jumamosi jioni, robo saa, umekaa tu pembeni ya mama. Ile miyaa iliyokauka pengine haifai tena, na pengine ikiloweshwa italegea. Yeye atajua kuliko mimi, na kumuuliza hilo ni mwanzo mzuri wa maongezi kuliko kumwomba msamaha wa miaka.

Ukipunguza simu na usingizi bado ukakataa kwa majuma, au ukajikuta unalia mara kwa mara kama siku ile chooni, nenda hospitali ya rufaa ya mkoa uombe kuonana na wahudumu wa afya ya akili. Wako kwa ajili ya watu kama wewe, wanaofanya kazi na kulea na kuchoka. Maombi hayakatazwi, yanaweza kwenda pamoja na hilo.

Ufute au usifute sitakuamulia. Ungekuwa umekaa hapa karibu nami ningekuuliza uanze na nani kati ya hao watatu: mdogo, mume, au mama mkwe. Utakayeona ni rahisi zaidi kumkabili wiki hii, anza naye, programu itasubiri. Na uniandikie ilivyokwenda, hata kama umeamua kubaki nayo.